Siku Mama Mkwe Aliponitoa Majini

Kwetu ni upande wa mpakani, kule Migori kunakolimwa tumbaku na mahindi, na maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya mto wa kunyweshea ng'ombe. Kuogelea sikujifunza, na hadi leo sijui. Ndiyo maana watu wa nyumbani walipoanza kuniita mvuvi, nilikuwa nikitazama chini na kubadilisha mazungumzo.

Kazi yangu ni hii. Huko juu milimani, safari ya siku nzima kutoka kwetu, kuna ziwa dogo katikati ya msitu. Maji yake ni baridi kiasi kwamba ukitia mkono, maumivu yanapanda hadi kiwikoni. Humo anaishi trauti, samaki wa madoadoa asiyeweza kuvumilia joto. Kando ya ziwa pana kambi ya wageni wanaokuja kumvua, na mimi ni mmoja wa wasaidizi wao. Tunawapigia makasia, tunawaonyesha namna ya kurusha mshipi, tunawafungia ndoano. Ndoano zenyewe hazitiwi chambo. Zinavalishwa manyoya ya jogoo na uzi mwembamba zifanane na mdudu aliyetua juu ya maji, na trauti akidanganyika anauma. Kisha, mara nyingi, mgeni anapigwa picha akiwa amemshika samaki, halafu anamrudisha ziwani.

Hayo ya kurudisha samaki sikuwahi kumweleza baba yangu. Nilimweleza mke wangu peke yake, na yeye alicheka hadi akashika mlango asianguke.

"Unamshika halafu unamwachilia? Haki, usiwahi kumwambia mama."

Mke wangu ni wa Sindo, mtoto wa watu wa lile ziwa kubwa. Tulijuana Homa Bay, mimi nikiwa mpishi katika hoteli moja ya samaki karibu na soko, yeye akituletea mzigo wa mama yake. Mama yake alikuwa, na bado ni, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani. Anapokea kutoka kwa mashua asubuhi, anaanika mchangani juu ya nyavu kuukuu, na siku ya soko anapeleka magunia Oyugis. Baba yake alikuwa na mashua. Siku nilipokwenda kujitambulisha, nikiwa tayari nimeacha upishi na kupata kazi hii ya milimani, mzee huyo aliniuliza mimi ni wa nyavu au wa ndoano.

"Ndoano, mzee," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Najua alichokiona akilini: mishipi mirefu yenye ndoano mamia, inayotegwa kilindini kwa ajili ya wale samaki wakubwa waitwao mbuta. Sikumsahihisha. Tangu siku ile mama mkwe akawa anawaambia wenzake pale ufukweni kwamba hata mkwe wake ni mtu wa maji. Mke wangu ndiye aliyenisimulia, na nilijisikia vibaya, lakini pia nilifurahi kidogo.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa huko juu, katikati ya Julai, wakati ule ambao asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi na ukungu hauondoki ziwani hadi jua lipande. Mama mkwe akaja kumsaidia binti yake. Alifika amevaa sweta mbili na soksi ndani ya sandali, amebeba mfuko wa omena wakavu na leso kadhaa za kumfungia mtoto. Alisimama mlangoni, akatazama mlima, akamwambia binti yake kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Hawa watu wanaishi ndani ya friji."

Sisi Wakuria tunamheshimu mama mkwe kwa kumkwepa. Humtazami usoni, humpi mkono, mkikutana njiani unatoka pembeni apite. Wajaluo nao wana yao: mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Kwa hiyo kati yangu na yeye palikuwa na mila mbili, na lugha moja tu ambayo haikuwa ya yeyote kati yetu. Alipangiwa kulala kwa mpishi wa kambi, mama mmoja mtu mzima aliyeishi chumba cha kuelekeana na chetu. Mimi nilitoka mapema na kula jikoni kambini. Salamu zilipitia nyuma ya mlango.

"Mama, mmeamkaje?"

"Tumeamka, baba. Ni baridi tu."

Basi. Hatukuzidisha, na kila mtu alikuwa salama.

Kilichonisumbua ni samaki. Mke wangu alisema mama yake anauliza mbona nyumba ya mvuvi haina hata harufu ya samaki. Alikuwa amekuja na omena wake akidhani atawala siku mbili tatu, kisha mkwe alete wa kwake. Sisi wafanyakazi tulikuwa tunaruhusiwa kuvua samaki mmoja wa nyumbani siku ya mapumziko. Kwa hiyo siku yangu ya mapumziko nikaamka, nikachukua ufito wa kuvulia na ile suruali ya mpira inayoungana na gambuti na kupanda hadi kifuani, nikashuka ziwani peke yangu.

Kulikuwa kimya. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na vidole vyangu vilikataa kufunga fundo, ikabidi nivitie mdomoni kwanza. Niliingia hadi magotini, kisha hadi mapajani, nikaanza kurusha mshipi. Uvuvi huu ni wa mkono na subira. Unaupeleka mshipi nyuma, unaungoja unyooke hewani, ndipo unauleta mbele, na lile nyoya linatua polepole kama limeanguka lenyewe. Ukiharakisha, unajinasa sikio. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka kadhaa na nilikuwa nimeiweza. Naweza kusema hivyo bila kujisifu, kwa sababu ndicho kitu pekee katika habari hii nilichokifanya vizuri.

Nilipogeuka kuangalia mshipi wangu nyuma, nikamwona mama mkwe. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mbali kidogo, amejifunika leso hadi kichwani, amenipa ubavu kama heshima inavyotaka. Nadhani alikuwa amesikia kuna ziwa na akashindwa kukaa bila kuliona. Mtu wa Sindo akikaa wiki bila kuona maji anaugua.

Ningetoka. Mila yangu ilinitaka nitoke, niseme nina shughuli kambini, nimwachie ufuko. Lakini hakuna mtu wa kwetu, wala wa kwao, aliyewahi kuniona nikifanya kazi yangu, na nilitaka mtu mmoja aone. Nikasonga mbele zaidi majini, nikarusha mbali kuliko ilivyohitajika.

Samaki akauma mara hiyo hiyo. Alikuwa mkubwa, ufito ulipinda hadi ncha ikagusa maji, na mshipi ukaanza kukimbia. Nikamwachia aende, kisha nikamrudisha kidogo, nikamwachia tena, kwa sababu uzi wa mwisho ni mwembamba kama unywele na ukimlazimisha unakatika.

Kutoka kwenye jiwe nikasikia sauti, "Vuta!"

Nikazidi kumwachia.

"Baba, vuta hiyo samaki! Mbona unaibembeleza?"

"Uzi utakatika, Mama!" nikapaza sauti bila kugeuka.

"Uzi gani huo wa kushonea nguo? Rudi nyuma! Rudi nyuma ukiivuta!"

Alikuwa amesimama sasa, nilimwona kwa pembe ya jicho, na mikono yake yote miwili ilikuwa inavuta hewa. Nikacheka. Nikarudi nyuma hatua moja kama alivyosema, lakini nilikuwa nimesahau mahali nilipokuwa nimesimama. Pale ukingo wa chini ya maji una shimo, na sisi wenyewe huwaonya wageni kila siku. Mguu wangu ukakosa kitu cha kukanyaga.

Watu wengi hufikiri mtu anayezama anapiga kelele. Mimi sikuweza hata kuvuta pumzi. Baridi ilinibana kifua kama mkanda. Maji yaliingia kwa juu ya ile suruali, yakajaa hadi miguuni, na miguu ikawa mizito kama mifuko ya simenti. Nilimeza maji, nikaona weupe juu yangu, nikameza tena. Nakumbuka nikifikiri kwa utulivu wa ajabu kwamba mtoto hajapewa jina la upande wetu.

Kisha kitu kikanishika mkanda wa begani na kunivuta kwa nguvu, kinyumenyume, kama mtu anavyovuta gunia. Alikuwa ameingia na gauni lake. Alikuwa anaogelea kwa mkono mmoja na kupumua kwa kelele, na kila pumzi alikuwa analalama kwa Dholuo, "Yawa! Yawa! Yawa!"

Alinilaza kwenye nyasi zenye jalidi. Nilijaribu kusema niko sawa, lakini meno yalikuwa yanagongana na mdomo haukutii. Vidole havikuweza kushika chochote. Akanigeuza, nikatapika maji. Akaniangalia mara moja, akaangalia juu kambini kama kuna mtu, hakukuwa na mtu. Aliita kwa sauti kubwa mara mbili na ukungu ukaimeza sauti. Ndipo akaanza kufungua vifungo.

Nilielewa anachotaka kufanya na nikajaribu kumzuia. Mikono yangu haikufika. Alinivua ile suruali ya mpira, maji yakamwagika kama ndoo imepinduliwa. Alivua sweta, shati, suruali ya ndani ya kitambaa, akavua kila kitu, kwa sababu kila kitu kilikuwa barafu. Na wakati wote huo uso wake ulikuwa umegeukia msituni. Mikono yake ilikuwa inapapasa kama ya mtu gizani, shingo imepinda hadi mishipa imesimama, na alikuwa anarudia kwa sauti ya chini, "Mimi siangalii, baba. Siangalii. Siangalii."

Leso yake aliiacha juu ya jiwe kabla hajaingia majini, kwa hiyo ilikuwa kavu. Alinizungushia hiyo, akaokota sweta yake moja aliyokuwa ameivua pamoja nayo, akanivalisha kama mtoto. Kisha akaanza kunisugua kifua na mgongo, kwa nguvu, huku bado anatazama miti. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa, gauni limemgandama, anatetemeka.

Hivyo ndivyo walivyotukuta. Mwenzangu mmoja wa kambini alikuwa anampigia makasia mgeni, wakatokea ndani ya ukungu karibu kabisa. Mwenzangu huyo ni kijana wa huko huko Migori, anajua kabisa mama mkwe ni nani kwa Mkuria. Aliacha makasia. Mgeni alikuwa ananyanyua mkono kutusalimu, kwa furaha tu, hajui anachokiona. Mama mkwe alipowaona alikaa chini ghafla kwenye nyasi na kujifunika uso kwa viganja.

Nimewahi kuona aibu nyingi. Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu, nimewahi kuanguka harusini. Ile haikufanana na hizo. Nilitamani wangechelewa kidogo, au angechelewa yeye kidogo. Ndiyo, nilifikiri hivyo, nikiwa nimefungwa katika leso ya mtu aliyenirudishia uhai.

Walinibeba hadi jikoni kambini na kunikalisha karibu na jiko. Yeye alikwenda kwa mpishi kwa mlango wa nyuma. Samaki alipotea na uzi wake, na ufito uliokotwa baadaye ukielea. Mke wangu alikuja na mtoto mgongoni, akanikagua, akalia, akaanza kucheka, halafu akaigusa sweta niliyovaa.

"Ni mama ndiye…?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mama mkwe aliondoka kabla ya siku aliyokuwa amepanga. Alisema omena wake Sindo wananyeshewa. Asubuhi hiyo hakukuwa na salamu za nyuma ya mlango. Mimi nilijifanya nimelala, na nilipotoka nikakuta ameshapanda gari.

Kwa miezi iliyofuata sikukanyaga Sindo. Likizo ikifika, tunashuka pamoja hadi Homa Bay, mke wangu na mtoto wanaelekea Sindo, mimi naelekea Migori, kila mtu na sababu yake. Nilikuwa nimemwomba yule mwenzangu anyamaze, na kwa heshima yake alinyamaza. Lakini mimi mwenyewe ndiye sikuweza kukaa na jambo hilo. Mtoto alipoanza kukohoa usiku, nilifikiri ni kwa sababu hiyo. Mahindi ya baba yalipokauka, nilifikiri ni kwa sababu hiyo. Jioni moja tukiwa zizini na baba nikamwambia yote.

Baba aliweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Alikuvua zote?"

"Zote, baba."

"Na hukupeleka chochote kwao cha kufunika aibu hiyo?"

"Sikupeleka."

"Basi tumekuwa tukitembea hivyo uchi mwaka mzima," akasema.

Aliamua tuende Sindo na mbuzi jike ambaye hajazaa, pamoja na leso mpya. Alimwita na kaka yake. Sijui kama hiyo ndiyo mila hasa au wazee wangu waliipanga wenyewe kwa sababu jambo lenyewe halikuwa limewahi kutokea. Nilikubali. Nilijiambia nakwenda kumtoa mama mkwe katika aibu.

Tulipokelewa vizuri. Baba mkwe alikuwa ametoka ziwani, akatukalisha sebuleni, akauliza habari za mpakani, za tumbaku, za mvua. Mama mkwe alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, tulisikia sufuria. Mbuzi alikuwa amefungwa nje anapiga kelele. Hatimaye baba yangu akakohoa, akaeleza kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba tumekuja kwa unyenyekevu, tumeleta mbuzi na leso, kufunika utupu ule.

Baba mkwe akatutazama mmoja mmoja.

"Utupu gani?"

Sufuria jikoni zikanyamaza.

Nikajua hapo hapo. Hakuwa amemwambia. Hakumwambia mume wake, hakumwambia mtu yeyote pale ufukweni, mwaka mzima. Alikuwa amelibeba jambo lile kutoka mlimani hadi Sindo na kulizika, na sisi tumekuja mchana kweupe, wanaume watatu na mbuzi, kulifukua sebuleni kwake.

Baba yangu, ambaye hakuwa ameelewa, akaanza kusimulia. Nilitaka kumshika mkono lakini sikumshika. Alisimulia taratibu, kwa adabu, maji, suruali ya mpira, leso. Baba mkwe aliinamisha kichwa chini zaidi na zaidi.

Mama mkwe akaja hadi mlango wa nyuma. Hakuingia. Alisimama ametupa ubavu, unga wa mahindi mikononi.

"Mtoto wa watu alikuwa anakufa," akasema. "Mlitaka nikimbie kutafuta mwanaume?"

Akarudi jikoni.

Baba mkwe akainua kichwa. Akasema, si kwa hasira, "Nimelala na huyu mama mwaka mzima na sikujua aliingia kwenye maji ya namna hiyo. Angekufa huko, ningeambiwa nini?" Kisha akainuka, akatoka nje, akamfungua mbuzi na kumpeleka kwenye kivuli, kwa sababu jua lilikuwa kali. Hivyo ndivyo alivyompokea mbuzi wetu. Hatukuambiwa kitu kingine.

Chakula kililetwa na jirani: samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali. Baba yangu na kaka yake walikula. Baba alipoona sigusi chakula, alininong'oneza nile, nisiwaaibishe wenyeji. Nikamega tonge moja, kisha nikanawa.

Baada ya siku kadhaa mke wangu, aliyekuwa amekwenda kwao na mtoto, alipiga simu kutoka Sindo. Nilimuuliza mama yake anasemaje.

"Anasema yeye alikuwa ameshakufunika. Hajui mbona ulijifunua tena."

Nilimwomba ampe simu. Nilisikia wakinong'onezana kwa Dholuo, mtoto akilia, kisha mke wangu akarudi na kusema mama anageuza omena juani, atazungumza siku nyingine. Siku hiyo haijafika bado. Wazazi wake wanaendelea vizuri, nashukuru. Nasikia baba mkwe alinuna kwa wiki moja, kisha akaanza kumtania mke wake mbele ya watu, akimwita nahodha, na yeye haoni kama ni mzaha. Watu wa ufukweni sasa wanajua. Wanajua pia kwamba mkwe wake, mtu wa maji, hajui kuogelea.

Mwezi uliopita nilikuwa Homa Bay, kwenye stendi, namngoja mke wangu na mtoto watoke Sindo. Gari lilipofika, mama mkwe naye alishuka, alikuwa anaelekea Oyugis na magunia yake. Nilipomwona nikasogea nyuma, kama nilivyofunzwa, na yeye akageuza uso kuelekea dukani. Makanga walikuwa wanapiga kelele. Alikuwa amezeeka kidogo, au labda sikuwahi kumwangalia vizuri.

"Mama, asante," nikasema.

Akasimamisha mkono juu ya gunia. "Ya nini?"

Nilikuwa nimelipanga neno hilo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimelisema peke yangu ndani ya mashua, wageni wakidhani naimba. Watu walikuwa wanapita kati yetu na mizigo. Mke wangu alikuwa ananiangalia.

"Ya… ya kukaa na mtoto," nikasema.

"Haya," akajibu, akamwonyesha mpakiaji gunia la pili, akapanda gari la Oyugis.